Namna ya Kuharibu Filamu Nzuri na Bado Ukalipwa

Umefanya vizuri kuja kwangu, ndugu yangu. Wenzako wengi hukimbilia kutengeneza filamu mbaya kuanzia mwanzo, kwa jasho lao wenyewe, na hapo ndipo wanapofilisika. Filamu mbaya isiyo na jina haitazamwi na mtu. Filamu mbaya yenye jina la filamu nzuri, hiyo ni biashara. Watu watalipa kiingilio kwanza, watagundua baadaye, na wewe unajua kama mimi kwamba kiingilio hakirudishwi.

Nitakufundisha kwa mfano mmoja. Mwaka 1951 studio ya 20th Century Fox ya Marekani ilitoa The Day the Earth Stood Still, mgeni kutoka sayari nyingine akija kutuonya, chini ya mwongozaji Robert Wise. Mwaka 2008 studio hiyo hiyo ikaitengeneza upya, safari hii chini ya Scott Derrickson, na Keanu Reeves akiwa ndiye mgeni. Ukizitazama zote mbili kwa utulivu utakuwa umemaliza chuo. Vuta kiti, na mlango ufunge.

Hatua ya 1: Chagua filamu inayopendwa na isiyokumbukwa

Isiwe mpya mno, watu watalinganisha. Isiwe imesahaulika kabisa, jina halitauza. Tafuta ile ambayo mtu akitajiwa anasema, "Aa, ile ya roboti!" halafu ananyamaza. Hapo hapo. Miaka 57 inatosha: waliokuwa watoto wameshakuwa wazee, na wajukuu zao wanaijua kwa bango tu. Inasaidia pia mwongozaji awe ameshatangulia mbele ya haki. Wise alifariki mwaka 2005, kwa hiyo mwandishi wa habari hakuwa na mzee wa kumpigia simu usiku wa uzinduzi.

Ila nakuonya. Kuna watu wakaidi waliowahi kutengeneza upya filamu za kisayansi wakazipita zile za kwanza. David Cronenberg alifanya hivyo na The Fly mwaka 1986. John Carpenter alichukua filamu nyingine ya mwaka huo huo wa 1951, ya kiumbe kilichookotwa kwenye barafu, akaigeuza kuwa The Thing mwaka 1982. Wasikupotoshe. Muulize Carpenter alipata nini: wahakiki walimshambulia, na watazamaji walikwenda zao kumwona E.T., mgeni mpole mwenye kidole kinachowaka. Ilibidi asubiri miaka mingi ndipo watu waseme ni kazi bora. Wewe una kodi ya nyumba mwisho wa mwezi.

Hatua ya 2: Itazame ya kwanza, lakini usiielewe

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu ile ya kwanza inaeleweka upesi. Sahani ya angani inatua Washington, mchana kweupe, kwenye uwanja wa besiboli. Anatoka mtu anayeitwa Klaatu, amebeba zawadi kwa ajili ya rais. Askari mmoja mwenye wasiwasi anampiga risasi. Anatibiwa, anaomba aonane na viongozi wa nchi zote kwa pamoja, anaambiwa haiwezekani kwa sababu viongozi hawakubaliani hata mahali pa kukutania. Basi anatoroka hospitali kwa suti ya mtu mwingine, yenye kibandiko cha dobi kilichoandikwa Carpenter, anajiita Bwana Carpenter, anapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji.

Na asubuhi anakunywa chai nao. Jeshi zima linamtafuta, redio inatangaza, na wapangaji wenzake mezani wanabishana huyo mtu wa angani yuko wapi na ametumwa na nani, naye amekaa pale pale, anasikiliza, na adabu zake zote. Mwanamke mmoja ana hakika kabisa kwamba anatoka hapa hapa duniani, na unajua anamaanisha nchi gani. Ni mwaka 1951: Wasovieti wana bomu tangu 1949, vita vya Korea vinaendelea, na Marekani kila jirani anamchungulia jirani yake. Filamu yote iko kwenye kikombe kile cha chai. Iligharimu kama dola milioni moja kwa jumla, na sehemu hiyo labda iligharimu mkate.

Umeona hatari? Ukimkalisha mgeni wako mezani na wapangaji, itambidi aseme kitu chenye akili, na wewe itakubidi ukiandike. Futa meza. Futa nyumba. Katika toleo la 2008 Klaatu hana mahali anapoishi, anakimbia. Anakimbia kwa gari, anakimbia msituni, helikopta zinamfuata. Mtu anayekimbia haulizwi maswali. Hii ni njia ya mkato nzuri kuliko zote nitakazokupa leo, kwa hiyo iandike.

Hatua ya 3: Mwongeze roboti urefu

Usipojua la kufanya, ongeza ukubwa.

Roboti Gort wa kwanza alikuwa bawabu. Nasema kweli: ndani ya lile vazi alikuwamo Lock Martin, bawabu wa jumba la sinema la Grauman's Chinese Theatre huko Hollywood, mwenye urefu wa zaidi ya futi saba. Walimshonea mavazi mawili ya mpira yaliyopakwa rangi ya fedha, moja linafungwa mgongoni, jingine linafungwa kifuani, wakawa wanambadilisha kulingana na upande kamera ilipo ili kamba zisionekane. Na hakuwa na nguvu, maskini. Pale Gort anapombeba mwigizaji Patricia Neal mikononi, wanaobeba ni nyaya.

Bawabu huyo aliwatisha watu kwa nusu karne, na kazi yake kubwa ilikuwa kusimama. Anasimama mbele ya sahani. Usiku na mchana amesimama. Wewe mtazamaji unaanza kuomba afanye lolote, hata likiwa baya, ili wasiwasi uishe. Kusimama bila kufanya kitu kunatisha sana na ni kwa bei rahisi, na ndiyo maana hakukufai: mhasibu atakuuliza dola milioni 80 zimekwenda wapi.

Kwa hiyo Gort wa 2008 ni wa kompyuta, na ni mrefu zaidi ya mara tatu ya yule bawabu. Jina lake limegeuzwa kuwa kifupisho cha kijeshi, kila herufi na neno lake, kwa sababu jeshi haliogopi kitu mpaka likipe kifupisho. Kisha hata urefu huo hautoshi. Anasambaratika na kuwa wingu la wadudu wa chuma wadogo kuliko chawa, wanaokula lori, wanaokula uwanja wa michezo, wanaokula kila kilicho mbele yao kama nzige. Ni picha nzuri, siwezi kukudanganya. Ila ukishaona uwanja umeliwa, humwogopi tena aliyesimama. Anayetisha sasa ni yule aliyelipia picha hizo.

Kuhusu muziki, fupisha mazungumzo. Bernard Herrmann alitumia theremini mbili, ala inayopigwa bila kuguswa, na mpaka leo ukisikia mlio ule unajua kuna mgeni mlangoni. Wewe weka ngoma nzito na spika kubwa. Wenye majumba ya sinema wamezinunua kwa bei mbaya, watashukuru zikifanya kazi.

Hatua ya 4: Hamisha tukio lililobeba jina la filamu

Jina linasema dunia ilisimama. Katika ya kwanza inasimama kweli, katikati ya hadithi, kwa nusu saa. Mwanasayansi mmoja, Profesa Barnhardt, ndiye aliyemwomba Klaatu aonyeshe uwezo wake bila kuua mtu, na Klaatu anafikiri, kisha anazima umeme wa dunia nzima. Magari yanakwama, viwanda vinanyamaza. Hospitali hazikuguswa. Ndege zilizo angani hazikuguswa. Mtu mwenye nguvu kiasi hicho amekaa akawakumbuka wagonjwa! Na wakati hayo yanatokea, yeye na Helen, mwanamke wa nyumba ile ya wapangaji, wamekwama ndani ya lifti, gizani, wanazungumza kwa sauti ya chini. Mwandishi Edmund North alikuwa na dunia nzima ya kuonyesha, akachagua lifti.

Hii lazima uivunje, la sivyo itakuaibisha. Dawa yake ni kuihamishia mwisho na kuondoa huruma. Mwaka 2008 umeme unazimika filamu ikielekea ukingoni, dunia nzima, na haurudi. Hiyo ndiyo zawadi: tumeokolewa na wadudu, tumeachwa na giza. Wagonjwa walio kwenye mashine? Usiulize. Ndege zilizo hewani? Nimekwambia usiulize. Washa taa za ukumbi haraka watu watoke wakitafuta funguo za magari yao.

Hatua ya 5: Ukipata wazo zuri kwa bahati mbaya

Hutokea. Hata waliotengeneza hii ya 2008 walipata moja, na lilikuwa zuri kuliko walivyostahili. Klaatu wa 1951 alikuja kutukataza kupeleka mabomu yetu angani. Klaatu wa 2008 anapoulizwa kama amekuja kuiokoa Dunia, inageuka kwamba ndiyo, amekuja kuiokoa Dunia, dhidi yetu. Sayari zenye kubeba uhai ni chache, nasi tunaiua hii moja, basi tuondolewe sisi ibaki yenyewe. Matufe ya wageni yaliyotua kila mahali duniani ni safina za wanyama; binadamu hayumo kwenye orodha.

Ukiwa na wazo kama hilo moyo utakwenda mbio. Utajiona umepiga hatua mbele ya mzee Wise. Tulia. Lina dawa, na dawa ni kulia.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo fundi anapojulikana. Filamu zote mbili zina mtoto aliyefiwa na baba, na zote mbili zina kaburi la huyo baba. Mwaka 1951 mtoto Bobby anampeleka Bwana Carpenter kwenye makaburi ya Arlington, anamwonyesha jiwe la baba yake aliyeuawa vitani Anzio, Italia. Mgeni anatazama safu za mawe, anauliza kama wote hawa walikufa vitani. Wengi wao, anajibiwa. Mtoto anashangaa: kwani huko kwenu hakuna makaburi ya vita? Wanaondoka. Baadaye kidogo wanabadilishana mali: Bobby ana dola mbili, mgeni ana almasi mbili, na kila mmoja anaona amepata faida, kwa sababu dola ndizo zinazoingia sinema. Hakuna anayelia. Kaburi limetoa ushahidi wake, na hukumu bado.

Mwaka 2008 mtoto anaitwa Jacob, ameigizwa na Jaden Smith. Kwa muda mrefu anataka mgeni auawe, na anampigia polisi simu. Kisha wanafika kaburini. Mtoto anamwomba mgeni amfufue baba. Mgeni hawezi. Mtoto analia, mama yake wa kambo anamkumbatia, kamera inasogea, na mjumbe wa ustaarabu wa kale, aliyetumwa kutekeleza uamuzi uliokwisha kupitishwa, anabadili msimamo. Bahari zilizochafuliwa zimesamehewa. Misitu imesamehewa. Hakuna aliyeahidi kuacha kitu chochote. Tumelia vizuri tu. Wazo limepona, nawe huna tena deni la kulijibu.

Lazima nikuonye kuhusu madoa ya ubora yanayoweza kubaki. Katika toleo hilo kuna mzee, Bwana Wu, ameigizwa na James Hong, naye pia ni mgeni. Ameishi miaka 70 miongoni mwa binadamu kama mpelelezi. Anamwambia Klaatu kwa Kichina kwamba binadamu ni waharibifu na hawatabadilika. Kisha anamwambia kwamba yeye haondoki, atakufa nao, kwa sababu amewapenda na hawezi hata kueleza kwa nini. Niliposikia hayo nilikaa wima. Bahati nzuri wenzetu walichukua tahadhari: mazungumzo hayo, ambayo yanahusu kuangamizwa kwangu na kwako, yanafanyika ndani ya McDonald's. Mtu anaguswa, halafu anakumbuka viazi. Jifunze hapo.

Hatua ya 6: Waigizaji

Tafuta nyota. Wise alimtumia Michael Rennie, Mwingereza mrefu ambaye sura yake Wamarekani wengi hawakuizoea, ili waamini ametoka mbali. Wewe unataka sura ambayo hata huko kwenye nyota za Alpha Centauri wanaijua. Wakisema Reeves haonyeshi hisia, jibu unalo mfukoni: ni mgeni, hisia zote za nini? Na kusema haki, anafaa kuliko wanavyomsema. Tatizo si uso wake, ni kwamba hakupewa wa kuzungumza naye.

Ukibahatika kupata mwigizaji mkubwa pembeni, mpe dakika chache. John Cleese, bingwa wa vichekesho wa Uingereza, alipewa nafasi ya Profesa Barnhardt. Muziki wa Bach unapigwa, yeye na Klaatu wanaandika hesabu ubaoni bila kusemezana, na profesa anatetea binadamu kwa hoja, kwamba viumbe hubadilika wakifika ukingoni. Kwa muda mfupi unaona filamu nyingine kabisa, ile ambayo ingetengenezwa. Basi! Leta helikopta.

Kuna jambo la kifo pia. Kwenye kibanda umiza chochote Tanzania kila mtoto anajua kanuni: stelingi hafi. Wise aliivunja, stelingi wake anapigwa risasi, anakufa kabisa, na roboti anakwenda kumchukua mahabusu na kumrudishia uhai. Wakaguzi wa maadili wa Hollywood waliona mtu aitwaye Carpenter, yaani seremala, amekufa na kufufuka, wakatoka jasho, wakadai iongezwe kauli kwamba uwezo wa uhai na mauti ni wa Mwenyezi peke yake. Na maneno anayoambiwa Gort ili asiichome dunia, Klaatu barada nikto, watu waliyakariri kuliko sala. Wewe yaweke, mashabiki watakuchoma moto yakikosekana, ila yafunike kwa kelele na mwangwi kiasi kwamba anayeyajua atabishana na mwenzake kama ameyasikia. Wabishane. Ni matangazo ya bure.

Hatua ya 7: Uza kabla hawajaongea

Trela ionyeshe uwanja ukiliwa. Usionyeshe kingine. Toa filamu Desemba, watu wako likizo na hawana pa kwenda. Hii ilitoka Marekani tarehe 12 Desemba 2008, ikashika namba moja wikiendi ile kwa dola kama milioni 30. Kufikia mwisho wa safari yake ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 230 duniani kote. Nimekwambia iligharimu 80. Wahakiki wanaokuambia filamu hii ilianguka hawajui kutoa wala kujumlisha.

Na angalia ufundi huu: siku hiyo hiyo ya uzinduzi waliirusha filamu nzima angani, kwa mawimbi, kuelekea Alpha Centauri. Inachukua zaidi ya miaka minne kufika. Watazamaji wa huko hawakulipa tiketi, lakini pia hawana mahali pa kulalamika. Hadithi ya wageni wanaotupima kama tunastahili kuishi, tukawatumia wenyewe waione. Kama jibu litakuja, mimi na wewe tutakuwa tumestaafu.

Hatua ya 8: Wakikusema

Watakusema. Kwanza, sema hukutaka kuigusa ile ya kwanza, ulitaka kuienzi. Hakuna anayejua maana ya kuienzi, kwa hiyo hakuna atakayekupinga. Pili, sema kizazi cha leo hakina subira na filamu nyeusi na nyeupe. Usikubali kuulizwa wewe mwenyewe uliitazama lini mara ya mwisho.

Tatu, tuzo za mzaha. Kule Marekani kuna Golden Raspberry, wanazopewa waliovurunda, na kuna kundi maalumu la filamu zilizorudiwa na kuendelezwa. Hii ilipendekezwa. Ikashindwa! Indiana Jones ya mwaka huo ikaichukua. Hali hiyo ikikukuta, toa taarifa fupi kwamba filamu yako haikupata tuzo ya ubaya, na usiseme neno lingine.

Nne, ile hotuba ya mwisho. Klaatu wa Rennie anasimama mlangoni mwa sahani, mbele ya wanasayansi wa mataifa, anasema kwa upole kwamba mambo yenu ya ndani hayatuhusu, ila mkituletea vita nje tutaigeuza sayari yenu kuwa jivu. Chagueni, tunasubiri jibu. Anaingia, anaondoka. Wanabaki wanaangalia juu. Kuna mtu atasimama kwenye kipindi cha maswali akuulize kwa nini uliiondoa. Mwambie ilikuwa ndefu, ingawa ni ya dakika chache. Kisha mgeukie mwenye swali jingine, yule wa mstari wa mbele anayetaka kujua wadudu mliwatengenezaje kwenye kompyuta. Huyo mjibu kwa nusu saa.

Na siku kijana fulani atakapokuja ofisini kwako, miaka 50 kutoka leo, kuomba haki za kuitengeneza upya ya kwako, mpokee kwa heshima. Mpe chai. Usimwulize atamfanya nini roboti. Mwambie akulipe taslimu, yote, siku hiyo hiyo, na usikubali asilimia ya faida.